Kisanduku cha Rangi za Macho

Iwapo umepata kumnunulia bibi harusi zawadi ya vipodozi, huenda nawe ulivutiwa na kisanduku kuliko kilichomo. Mimi nilivutiwa. Mdogo wangu alipoolewa nilimpelekea kisanduku chenye rangi 12 za kupaka kwenye kope, zote za kahawia, mchanga na maziwa. Rangi ambazo wauzaji husema humfaa kila mtu. Kila mtu yupi? Juu ya weusi wake mzuri, rangi 8 kati ya hizo zilionekana kama majivu. Alizifuta kimya kimya asinivunje moyo, akachukua wanja.

Tangu hapo sinunui kabla ya kuijaribu rangi juu ya ngozi yenyewe, nje penye mwanga wa jua, si chini ya taa ya dukani. Unga wenye talki nyingi huacha weupe. Shaba, kutu na kahawa iliyokolea ndizo hukaa. Nyuma ya kisanduku hutazama pia mchoro wa kikopo kilicho wazi: "12M" ni miezi 12 tangu kufunguliwa.

Kisanduku kile bado kipo mezani pa mdogo wangu. Huwekea pini za nywele.