Sehemu ya 9: Ngoma kwa nusu bei

Mama zangu, wiki hii mama mmoja kliniki ameniambia tangu ajifungue hajacheka. Nyumbani wanamwambia hela ya maonyesho ni ya kuchezea. Jamani!

Mimi ni mgonjwa wa maonyesho ya jukwaani, nyimbo na kucheza kwa pamoja, na mshahara wa nesi mnaujua. Kwa hiyo getini nauliza: "Watoto mnapunguza?" Safari moja tuliingia watatu kwa hela ya mtu mmoja na nusu, na kwenye bango hawakuandika kitu. Uliza tu, usione haya.

Ila onyesho langu namba moja ni Bulabo, pale Bujora, Kisesa. Kutoka Nyakato ni barabara hiihii ya Musoma. Mwezi wa 6 Bagika na Bagalu wanacheza kwa wakati mmoja, na aliyevuta watu wengi ndiye mshindi. Yaani wewe uliyesimama pale na mtoto mgongoni ndiyo kura yenyewe! Wengine wanacheza na nyoka, shauri yako.

Kuhusu mchanga: chini ya miezi 6 titi linatosha, hata jua likiwaka. Maji usimpe. Ukilazimika kupiga kelele ili jirani akusikie, hapo ni karibu mno kwa masikio yake, rudi nyuma. Akichemka mwili, acha ngoma, wahi kituo cha afya.

Na nauli ya kurudi ifunge kwenye pindo la kanga kabla hujashuka kwenye daladala.