Mtoto aliyerudia kukojoa kitandani baada ya kukimbia vita

Goma. Kila asubuhi, mbele majirani hawajaamka, mama mmoja wa mtaa wa Ndosho hutoa matela nje na kuigeuza, upande uliolowa uangalie ukuta. Hapendi watu waone. Binti yake ana miaka minne na nusu, na kila usiku anakojoa kitandani.

Mtoto huyo hakuwa hivyo. Huko Masisi, alipofikisha miaka mitatu alikuwa anaomba mwenyewe kupelekwa chooni, na asubuhi aliamka mkavu. Kisha vita ikafika. Familia ikakimbilia kambi ya Bulengo, na mwezi wa pili 2025, watu walipoondolewa kambini, wakahama tena. Sasa wanalala watu saba katika chumba kimoja, kwa shangazi ya baba ya mtoto. Matela ni ya shangazi.

Shida ilianzia hapo. Shangazi si mtu mbaya. Aliwapokea wakati wengine walifunga mlango. Lakini harufu ya mkojo ilileta maneno. "Mutoto wa miaka mine bado anakojoa? Samaki mukunje angali mubichi," alisema siku moja, fimbo iko mkononi. Watoto wa nyumba wakaanza kumwita kikojozi. Mama naye akawa anamnyima maji tangu saa tisa za mchana. Mtoto akazidi: hata mchana akajikojolea, na choo kikubwa kikapita siku tatu, nne, bila kutoka.

Mama aliogopa mambo mawili: kwamba watafukuzwa, na kwamba mwili wa mtoto umeharibika, kwa sababu ni mdogo kuliko wenzake wa umri mmoja. Ndipo alipompeleka kwenye kituo cha afya.

Muuguzi hakuanza na dawa. Alipima mkono wa mtoto kwa utepe wa rangi, ukaonyesha kijani. Kwa watoto wa miezi 6 hadi 59, rangi nyekundu, yaani chini ya sentimita 11.5, ni dalili ya utapiamlo mkali. Alibonyeza miguu yote miwili kuona kama imevimba. Aliuliza kama kuna homa, maumivu wakati wa kukojoa, damu katika mkojo, au kiu isiyoisha pamoja na kukonda. Hizo ni dalili ambazo hazingoji kesho. Hakukuwa na hata moja. Kisha akauliza: "Choo cha kambini kilikuwa namna gani, mama?"

Mama akakumbuka. Bulengo iko juu ya mawe ya volkano, kuchimba shimo ni kazi ngumu. Vyoo viliinuliwa juu, na tundu lilikuwa la mtu mzima. Usiku ni giza. Mtoto alilia kila alipopelekwa, akajifunza kubana.

Mtoto anayebana siku nyingi, choo kinakuwa kigumu, kinamuuma, naye anabana zaidi. Kile kilichojaa tumboni kinakandamiza kibofu, na mkojo unatoka bila yeye kutaka. Kumnyima maji kunazidisha ugumu. Fimbo inazidisha woga.

Muuguzi alieleza kwamba watoto wengi wanazoea choo cha mchana kati ya miaka 2 na 4. Usiku unachelewa, kwenye miaka 5 baadhi bado wanalowesha, na si ugonjwa. Na mtoto aliyekuwa mkavu akarudia baada ya kukimbia, kufiwa au kupata mdogo wake, mara nyingi ni mashaka, si ukaidi.

Alimpa kazi za nyumbani: maji ya kutosha mchana, yapungue kidogo tu karibu na kulala. Maharagi, mboga, papai ikipatikana. Kumketisha kwenye kopo baada ya kula, miguu ikigusa chini, bila kumfokea. Choo chake kimwagwe chooni, na mikono ioshwe kwa sabuni au majivu, kwa kuwa kipindupindu hakichagui umri. Plastiki ilale chini ya kitenge, juu ya matela.

Juma lililofuata mama alirudi pamoja na shangazi. Shangazi alisikiliza yote, akauliza neno moja: "Kwa hiyo si tabia mubaya?"

"Hapana, mama. Ni woga."

Alinyamaza. Kisha akasema: "Mujukuu wangu, mwaka ule volkano ilitoka, 2021, tulikimbia usiku. Kisha akaanza kukojoa hivi hivi. Nilimupiga bule."

Mtoto hajapona kabisa. Siku mbili au tatu kwa juma matela bado inatoka nje. Lakini siku hizi ni shangazi mwenyewe anayeitoa, na anaianika kwenye jua, mbele ya watu.