Kuuza au Kununua

Kila mwaka, kati ya mwisho wa Februari na mwanzo wa Machi, wakubwa wa timu za magongo ya barafuni huku Marekani na Kanada hukosa usingizi kwa swali moja: tuuze au tununue? Siku ya mwisho ya kubadilishana wachezaji ikipita, mlango umefungwa. Ulichonacho ndicho utakachokwenda nacho vitani.

Najua msomaji unajiuliza, hoki ya barafu inatuhusu nini sisi? Barafu kwetu ni ile ya kwenye juisi ya ukwaju. Nami nilisema hivyo hivyo. Lakini nivumilie kidogo, maana swali lenyewe si la barafu. Ni la mtu yeyote mwenye kidogo mkononi, anayelazimika kuamua kama atakila leo au atakipanda.

Tuliokulia katika kelele za Simba na Yanga tunaujua usajili: klabu ina hela, inamfuata mchezaji, mambo yamekwisha. Huku sivyo. Ligi yao, NHL, imeweka kikomo cha mishahara. Msimu wa 2018-19 kikomo hicho kilikuwa dola milioni 79.5 kwa timu, uwe tajiri usiwe tajiri. Fedha zikifungwa kamba namna hiyo, watu hubadilishana watu. Unampa mwenzako mshambuliaji, anakupa beki. Au anakupa zamu yake ya kuchagua chipukizi. Maana kila mwaka timu hukaa pamoja zikachagua vijana wa miaka kumi na minane kwa zamu, na walio dhaifu huchagua mapema. Zamu hiyo ni mali. Unaweza kuitoa leo kwa ajili ya mchezaji aliyekwisha iva, yaani umeuza kijana ambaye hata hujamwona, pengine bado yuko shuleni.

Basi, kununua ni kutoa kesho upate leo. Kuuza ni kumtoa nyota wako leo, ukae mkao wa kupigwa mwaka mmoja au mitatu, ukingoja kesho. Wote wawili wanacheza kamari. Tofauti ni kwamba anayeuza huitwa mwenye busara.

Mimi naishi Columbus, jimbo la Ohio, tangu 2016. Ni mji wenye Wasomali wengi, na Wakongomani wa kutosha, kiasi kwamba Kiswahili utakisikia kwenye basi, kwenye foleni ya duka, na zaidi ya yote kwenye maghala tunakopakia maboksi usiku. Huko ghalani ndiko mzee mmoja Mmarekani, mwenye mgongo mbovu na moyo mzuri, alikonitia ugonjwa wa Blue Jackets. Uwanja wao, Nationwide Arena, umesimama mahali palipokuwa na jela kuu ya zamani ya jimbo. Ndani wana mzinga. Wakifunga bao, unapigwa. Dada yetu mmoja wa Uvira tulikwenda naye mara moja, akakataa kabisa kurudi. Ukijua alikotoka hutamlaumu.

Timu yenyewe, tuseme ukweli, ilikuwa ya kusikitikiwa. Iliingia ligini mwaka 2000, na hadi masika ya 2019 haikuwa imeshinda hata raundi moja ya mtoano. Watu wameoa, wamezaa, watoto wameanza kuvaa jezi, raundi moja hakuna. Ndipo ikaja ile Februari.

Blue Jackets walikuwa na Warusi wawili. Mmoja, Artemi Panarin, mshambuliaji mwenye mikono ambayo ukiitazama unadhani gongo limeota kwenye kiwiko. Mwingine, Sergei Bobrovsky, kipa aliyewahi kutangazwa kipa bora wa ligi mara mbili, 2013 na 2017. Mikataba ya wote wawili ilikuwa inakwisha Julai mosi, 2019, na kila mtu mjini alijua hawana mpango wa kubaki. Mkataba ukiisha mchezaji huru huondoka bure, kama mpangaji anayehama alfajiri na godoro lake. Na timu ilikuwa inapumulia puani, haijui hata kama itaingia mtoano.

Busara ya kila kijiwe ilisema: uza. Mwaka mmoja kabla, Februari 8, 2018, New York Rangers waliwaandikia mashabiki wao barua kuwaandaa kwa kuondoka kwa wachezaji waliowazoea, wakauza kweli. St. Louis Blues nao, Februari 26 mwaka huo huo, walimuuza Paul Stastny kwa Winnipeg huku wakiwa bado kwenye mbio, wakaja kukosa mtoano kwa pointi moja. Wao ilikuwa 94, Colorado 95. Pointi moja! Lakini hakuna aliyewaita wendawazimu.

Aliyeitwa mwendawazimu ni Jarmo Kekäläinen, Mfini aliyekuwa meneja mkuu wa Columbus. Hakuuza Mrusi hata mmoja. Februari 22, siku tatu kabla ya mlango kufungwa, alimnunua Matt Duchene kutoka Ottawa, ambaye naye mkataba wake ulikuwa unakwisha kiangazi hicho hicho. Akatoa vijana wawili na zamu ya raundi ya kwanza. Kesho yake akamnunua Ryan Dzingel, Ottawa hiyo hiyo, mkataba huo huo wa kumalizikia. Siku ya mwisho akaongeza kipa wa akiba na beki. Mzee wangu wa ghalani aliweka boksi chini, akaniambia, “Kijana, wageni wanne wa kulala usiku mmoja, na huyu Mfini anawachinjia ng’ombe.”

Sasa hapa, msomaji, lazima nikuambie jambo jingine lililokuwa likiendelea, maana ndilo lililonifanya nisilale.

Tulikuwa na kikundi chetu cha kuandika. Watu saba, Jumapili jioni, kwenye chumba cha yeyote aliyekuwa na chai. Mashairi, hadithi, vipande vya kumbukumbu, vyote kwa Kiswahili. Tulikuwa na kopo la Africafe lenye dola 410, zilizochangwa kwa miaka miwili, tano tano, kumi kumi. Fedha hizo zilikuwa na kazi yake: kuanzisha darasa la Jumamosi la watoto wetu, tununue vitabu na kulipia chumba, maana watoto walikuwa wameanza kuwajibu mama zao kwa Kiingereza. Hao ndio waliokuwa zamu zetu za kuchagua, kama utaniruhusu.

Lakini walio bora kati yetu walikuwa wawili, nao wanaondoka. Yule dada wa Uvira alikuwa anahamia Iowa, kwenye kiwanda cha nyama, mshahara bora, ndugu wako kule. Kaka mmoja wa Tanga alikuwa anamaliza chuo Mei, na kutoka hapo hajui ni Texas au ni Chalinze. Dada akasema, “Tutoe kijitabu. Sasa hivi, tukiwa wote.” Kijitabu kingekula kopo lote.

Jamani, tulibishana. Mama mmoja mwenye watoto watatu alisimama akasema maneno ambayo sijayasahau: “Nyinyi mnataka kuona majina yenu. Mimi nataka mwanangu aweze kuongea na bibi yake kwenye simu.” Nani atamjibu huyo? Nilijaribu. Nilisema darasa linaweza kuanza mwakani, lakini watu hawa wawili mwakani hawapo. Akasema mtoto naye mwakani hatakuwa na umri huu. Tukapiga kura: wanne wachapishe, watatu watunze. Mimi nilikuwa kati ya wale wanne. Nakala sitini, zikabanwa kwa pini na mikono yetu wenyewe.

Turudi barafuni. Columbus waliingia mtoano kwa kuchechemea, tiketi wakaipata Aprili 5, mechi ya 81 kati ya 82. Zawadi yao ikawa Tampa Bay Lightning, timu iliyoshinda mechi 62 msimu ule na kuifikia rekodi ya ligi iliyowekwa na Detroit mwaka 1996. Mechi ya kwanza, Aprili 10, Tampa wanaongoza 3-0 kabla sijamaliza kufungua chakula changu. Ghalani watu wakaanza kucheka. Ikaisha 4-3, Columbus. Ya pili 5-1. Ya tatu 3-1. Ya nne, Aprili 16, nyumbani, 7-3. Tangu ligi ianze kutoa kombe la timu bora ya msimu wa kawaida mwaka 1986, hakuna bingwa wake aliyewahi kufagiwa mechi nne kavu katika raundi ya kwanza. Duchene, yule mgeni wa usiku mmoja, alikuwa na mabao matatu na pasi nne za mabao.

Usiku ule watu wazima walilia kwenye maegesho ya magari. Mzee wangu alinipigia simu, akashindwa kuongea, akakata.

Raundi ya pili Boston wakawatoa, mechi nne kwa mbili. Mei 6, kwisha habari. Julai mosi Panarin akaenda New York, Bobrovsky akaenda Florida, Duchene akaenda Nashville. Dzingel naye akafuata mlango siku chache baadaye. Wanne wote. Bure.

Basi, nani alikuwa sahihi? Wapo wanaoihesabu hivi: St. Louis waliouza Februari 2018 walikuwa mabingwa Juni 2019. Na Columbus walionunua? Kuanzia 2021 hadi 2025 hawakuingia mtoano hata mara moja. Bobrovsky amebeba kombe na Florida, 2024 na 2025. Hesabu imefungwa, uza.

Mimi naona hesabu hiyo imerukwa mistari. St. Louis hawakuwa mabingwa kwa sababu waliuza. Januari 3, 2019 walikuwa wa mwisho ligi nzima. Waliinuka kwa kipa kijana waliyempandisha na kwa Ryan O’Reilly, ambaye walimnunua Julai 2018 kwa kutoa, pamoja na vitu vingine, zamu ya raundi ya kwanza. Tampa nao, baada ya aibu ile, hawakubomoa nyumba. Februari 2020 walitoa zamu mbili za raundi ya kwanza kuwapata Blake Coleman na Barclay Goodrow, watu wa kazi chafu, wakachukua kombe 2020 na 2021. Na ile zamu ambayo Columbus waliipeleka Ottawa? Ottawa walimchagua nayo Lassi Thomson, wa 19, ambaye hadi 2025 alikuwa amecheza mechi chache tu katika ligi ile. Vijana wawili waliopelekwa pamoja nayo hawakudumu pia. Kesho inayouzwa kwa bei ghali mara nyingi ni boksi ambalo halijafunguliwa.

Lakini nisijifanye wakili wa upande mmoja. Hasara kubwa ya Columbus si kile walichotoa, ni kile ambacho wangepata kwa Warusi wao na hawakukipata. Hiyo haina risiti, kwa hiyo ni rahisi kuisahau. Nasi ni hivyo hivyo. Dada alikwenda Iowa, kaka akapata kazi Texas, na kikundi kikafa mwaka mzima. Kisha ikaja korona. Darasa la watoto lilianza 2021. Wawili kati ya watoto wa yule mama walikuwa wamekwisha kuwa watu wa “ndiyo” na “asante” tu. Bibi yao yuko Kigoma. Mama hajanilaumu hata siku moja, na afadhali angenilaumu.

Upande wa pili wa mizani kuna nakala sitini. Ndani yake kuna shairi la dada kuhusu mama yake akivuka ziwa usiku, kurasa mbili. Nilimpigia mwaka jana nikamuuliza anaandika nini siku hizi. Akacheka. Zamu za kiwandani, mikono imekufa ganzi, haandiki. Tungengoja, shairi lile lisingekuwepo popote.

Nikiulizwa leo, nitapiga kura ile ile, na sababu zangu ni hizi. Moja, tazama kama ulichonacho kitakuwepo ukingoja. Panarin asingekuwepo. Dada asingekuwepo. Mbili, tazama watu wako wamengoja muda gani. Mashabiki walionyimwa raundi moja tangu 2000 si sawa na waliokwisha shiba makombe. Kuwaambia “ngojeni tena” kuna gharama yake, nayo haiandikwi daftarini. Tatu, mtazame atakayelipa. Hili ndilo gumu. Kekäläinen alilipa kwa zamu za vijana asiowajua. Sisi tulilipa kwa watoto tunaowajua kwa majina, na waliopiga kura kulipa si wote waliokuwa na watoto.

Kwa hiyo Jumamosi hizi mimi ndiye ninayefungua chumba cha darasa, saa nne asubuhi, na kufuta ubao. Yule mama hukaa nyuma akifuma. Mwezi uliopita kopo lilifika dola 300, na kuna kijana wa Goma, mkali kweli kweli, anahama Agosti. Ameniuliza kuhusu kijitabu cha pili. Nimemwambia tutapiga kura, na safari hii mama ataongea wa kwanza.