Tangu Nilipoacha Ngano

Ugonjwa wangu ulipewa majina mengi kabla ya kupata lake. Zahanati ya kwanza ilisema amiba, ya pili minyoo, ya tatu tifoidi, na dawa zote nilizimeza. Jirani yangu mmoja wa hapa mtaa wa Nyakasanza, mjini Bunia, Ituri, mama wa sala kwelikweli, alinivuta pembeni baada ya misa akaninong'oneza kwamba nisijisumbue na vipimo: nimelishwa karuho, sumu ya siri, na yuko mzee upande wa Mudzi-Pela anayejua kuitapisha. Kwa aliyekuwa akinitazama, maneno yake hayakuwa ya ajabu. Nilikuwa nimekonda hadi kitenge kikawa hakinikai kiunoni, tumbo limejaa upepo, kuharisha hakukati, na damu imepungua kiasi kwamba nikifika ubaoni darasani nashika ukuta kwanza ndipo niandike.

Daktari mmoja wa hapa Bunia ndiye aliyeketi akanisikiliza hadi mwisho. "Mama Mwalimu," akasema, "damu yako haipandi hata kwa vidonge vya chuma. Chakula kinapita tu, mwili haukichukui. Nenda Kampala wakuangalie utumbo."

Basi nikashika barabara ya Mahagi, nikavuka Goli, nikapita Nebbi na Pakwach na vumbi lote la njia hiyo. Kampala walinitoa damu, kisha wakaniingiza mpira wenye kamera kupitia mdomoni hadi utumbo mwembamba. Kabla ya hayo daktari alinionya jambo ambalo nimelirudia kwa watu wengi tangu siku ile: nisiache mkate kabla ya kipimo. Kingamwili wanazozitafuta kwenye damu hushuka mtu akiacha ngano, hivyo kipimo kinaweza kutoka safi na ugonjwa upo palepale.

Jibu likatoka: siliaki. Ndani ya ngano, shayiri na rai kuna protini iitwayo gluteni, ile inayofanya donge la chapati livutike bila kukatika. Kwa mtu mwenye siliaki, kinga ya mwili ikikutana na gluteni inaushambulia utumbo wake mwenyewe. Vinyweleo vidogo vinavyonyonya chakula ukutani mwa utumbo vinalala, vinaisha, na hapo unaweza kula sahani mbili ukaendelea kufa njaa. Hakuna kidonge cha kuuponya. Dawa ni kuacha ngano, shayiri na rai, siku zote, hata chembe.

Niliporudi Bunia na habari hiyo, wengi waliniambia huo ni ugonjwa wa wazungu. Ni kweli kwamba Ulaya ndiko ulikochunguzwa zaidi. Daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Karel Dicke, aliona wakati wa njaa ya vita, majira ya baridi ya 1944 na 1945, kwamba watoto wenye ugonjwa huu walipata nafuu mkate ulipoadimika, na uliporudi wakaugua tena. Tasnifu yake aliitetea Utrecht mwaka 1950. (Sisi wa Ituri vita vimetufundisha mengi, la matibabu bado sijaliona.) Lakini katika utafiti uliochapishwa mwaka 1999, watafiti waliowapima watoto wa Sahara Magharibi walikuta zaidi ya 5 katika kila 100 wana siliaki, wakati katika nchi nyingi za Ulaya ni kama mtu 1 katika 100. Hao ni Waafrika wenzetu. Ugonjwa usiopimwa huonekana haupo.

Kwa chakula cha nyumbani sikupata taabu. Karatasi niliyopewa Kampala ilikuwa imeandikwa kwa ajili ya watu wa Uingereza, ikinishauri nitafute kinoa na unga wa lozi. Nikaikunja. Bugali wa muhogo hauna gluteni. Mahindi hayana, mtama hauna, ulezi, mchele, viazi, ndizi, maharage, sombe, lengalenga, fretini na kapitene wa Ziwa Albert wanaoshushwa Tchomia na Kasenyi, vyote havina. Mama yangu alipoisikia orodha hiyo aliuliza sasa nimekatazwa nini.

Nimekatazwa heshima za mjini, ndilo jibu. Chai ya asubuhi ina mkate. Mapumziko ya shule yana mandazi. Harusi ina sambusa na keki, msiba una chai na mikate iliyokatwa, na mgeni wa ghafla anatumiwa mtoto mbio kuletewa chapati. Kukataa chapati mbele ya wakwe ni kesi. Hata muhogo wa kukaanga wa barabarani haunifai, maana mama anayeukaanga hutumia mafuta yaleyale ya mandazi. Na unga wa masoso, ambao kila mtu anajua ni mahindi, soya na mtama, baadhi ya wauzaji huuchanganya na ngano ili uji uwe laini. Utajuaje? Mfuko hauna maandishi.

Palikuwa na jambo la kanisani pia. Mimi ni Mkatoliki, na hostia ni ngano. Nilidhani padri atanionea huruma anitafutie ya muhogo, lakini sheria ya Kanisa haichezewi. Barua ya Roma ya mwaka 2003 iliyotiwa saini na Kardinali Ratzinger, na nyingine ya 2017 ya Kardinali Robert Sarah, zinasema hostia isiyo na gluteni kabisa haifai kwa Ekaristi. Yenye gluteni kidogo inaruhusiwa, na asiyeiweza hata hiyo anaweza kukomunika kwa divai peke yake. Padri wetu alizitafuta barua hizo, akazisoma, akanipangia kikombe kidogo cha pembeni, kwa kuwa kwenye kile kikubwa hudondosha kipande cha hostia. Jumapili za kwanza watu waligeuza shingo. Wengine walidhani nimefungiwa komunyo, wengine kwamba nimepewa cheo.

Sasa nifike kwenye friza, ndiko mabadiliko yangu yaliko.

Duka moja kubwa la Kampala ndilo lililonionyesha kwa mara ya kwanza mkate usio na ngano. Ulikuwa kwenye friza, umeganda kama tofali, umetoka Italia, na kwenye karatasi yake pana suke la ngano lililopigwa mstari. Nilisimama pale nikiusoma hadi vidole vikafa ganzi. Bei yake ingenilipia unga wa muhogo wa wiki nzima na samaki juu. Niliununua kwa uchu, nikauacha uyeyuke, nikala vipande viwili na chai. Haukuwa mtamu. Ulikuwa mkavu, wenye kuvunjika. Lakini tumbo lilinyamaza, nami niliketi nikinywa chai na mkate kama mtu.

Niliuliza kwa nini hukaa kwenye friza wakati mikate mingine imejaa rafuni. Mkate usio na gluteni hukosa kinachoushika. Wanga wake hukakamaa upesi, na baada ya siku moja au mbili huwa makapi. Ubaridi wa frigo ya kawaida huuharibu haraka zaidi. Ukigandishwa kabisa, nyuzi 18 chini ya sifuri, unasimama ulivyo.

Hapa Bunia, alimantasyo za mjini, yale maduka ya vyakula, nazo zina friza ndefu za vioo, na kila nikipita naona kitu kipya: kuku, soseji, njegere, friti za kugandishwa, samaki wa chinchari, hata pitsa. Wenzangu wanachagua kwa picha ya juu. Mimi nageuza mfuko. Kuku mzima ni kuku tu, samaki mzima ni samaki, njegere ni njegere. Soseji ni mtego, kwa sababu nyingi hujazwa unga wa ngano au makombo ya mkate. Friti nazo! Viazi vitupu, mtu angesema, kumbe baadhi ya viwanda huvipaka unga wa ngano ili vikaange vikauke vizuri. Natafuta maneno ya Kifaransa "blé", "orge", "seigle", "malt", yaani ngano, shayiri, rai na kimea. Bidhaa zinazouzwa Ulaya ni rahisi kusoma, kwa kuwa sheria yao iliyoanza kutumika Desemba 2014 inataka vitu kama ngano vionekane tofauti na maneno mengine, mara nyingi kwa herufi nene. Na penye "sans gluten", yaani bila gluteni, kipimo cha kimataifa kinadai gluteni isizidi miligramu 20 kwa kilo.

Kisha napapasa. Umeme wa hapa tunaujua. Kama jenereta ya duka ilizimwa usiku mzima, friza inatoa ushahidi yenyewe: njegere ambazo zingechezacheza mfukoni zimeshikana bonge moja, ndani ya plastiki pana barafu ya sindano sindano, pembeni maji yaliyogandia upande. Hicho kimeyeyuka kikagandishwa tena. Siliaki haihusiki hapo, ila kipo cha kuharisha kisichohitaji siliaki. Kijana wa duka moja amezoea kuniona nikifanya hivyo. Zamani alininunia. Siku hizi ananiita, "Mama Mwalimu, njoo upime kabla sijapanga."

Huyo kijana ndiye aliyenionyesha mifuko ya mama mmoja wa mtaani: muhogo uliomenywa, ukakatwa vipande, ukagandishwa, na sombe iliyotwangwa tayari. Nilicheka. Muhogo wa kugandishwa, Bunia, wakati ardhi imejaa muhogo? Lakini fikiri kidogo. Muhogo ukishang'olewa, siku mbili tatu unaanza kuwa mweusi ndani, na barabara zetu zikifungwa kwa mvua au kwa silaha, unaofika sokoni umeshachoka. Uliogandishwa siku ya kuvunwa unangoja. Kaka yangu anayeishi Brussels ananiambia kwamba huko Matonge anakula sombe na muhogo wa friza miaka yote, na haoni la kushangaza.

Tangu hapo friza yangu ndogo ya sola imekuwa bulanjeri yangu. Muhogo wa mfukoni nauchemsha, nauponda ukiwa moto, natia yai na chumvi, nakanda na unga kidogo wa muhogo niliousagisha mwenyewe, natengeneza duara za kiganja, nazigandisha kwenye sinia kabla ya kuzifunga ili zisishikane. Asubuhi natoa ninazotaka, nazikaanga zikiwa bado na barafu, kwenye mafuta yangu, na chai juu. Wanafunzi wangu wakizionja huuliza nimezinunua wapi. Nimeanza kwenda nazo misibani, kwenye kopo lenye mfuniko, na kesi za chapati zimepungua.

Damu yangu imepanda. Kuharisha kumekata. Nimenenepa, na yule jirani wa karuho anasema maombi yake yamejibiwa. Sikumbishii, kwa kuwa aliniombea kweli.

Enyi wenye alimantasyo, wenye vinu na mama wa masoso, ombi langu ni dogo: andikeni kwenye mfuko mlichotia ndani. Kalamu ya wino na kipande cha karatasi vinatosha. Mama wa mandazi, ukiweza, muhogo uukaange kwanza, kabla donge la ngano halijagusa mafuta. Na wewe unayesoma haya ukiwa umeshatibiwa amiba mara nyingi na damu haipandi, mwambie daktari wako akupime siliaki, na mkate endelea kuula hadi siku ya kipimo.