Nimehama, lakini anwani ni ile ile

Haya wasomaji wangu, nimerudi. Nimekuwa kimya wiki tatu na sababu ni moja tu: nilikuwa nahama. Ukisoma maneno haya, ujue umeshafika kwenye maskani mpya, ingawa huenda hukuhisi kitu. Anwani ni ile ile, rangi karibu ni zile zile. Kilichobadilika ni mitambo ya ndani.

Wanaonifahamu wanajua hii si mara yangu ya kwanza kuhama. Nilianza kublogu mwaka 2006 kwenye Blogger, nikilipa shilingi moja kwa dakika katika saiba moja hapa Nairobi. Makala nilikuwa naandika nyumbani kwenye daftari, kisha naenda kuichapa haraka haraka huku jicho moja liko kwenye saa. Intaneti yetu siku hizo ilipitia setilaiti; nyaya za baharini zilifika Mombasa mwaka 2009. Mwaka huo huo nikanunua jina langu la tovuti, nikahamia WordPress, na huko nikakaa zaidi ya miaka 15.

Basi mbona nihame tena? WordPress ni programu nzuri, ni ya bure, na imekuwapo tangu 2003. Lakini kwa mtu mmoja anayeandika makala mbili kwa mwezi, ni kama kuwasha lori kwenda kununua maziwa dukani. Kila msomaji anapofungua ukurasa, seva inaendesha programu ya PHP, inaulizia maneno kwenye hifadhidata, inaunganisha ukurasa, ndipo inautuma. Makala ni ile ile, lakini inapikwa upya kila mara. Juu ya hapo kuna programu jalizi, na kila moja inataka kusasishwa. Miaka miwili iliyopita nilisahau moja, wezi wakapitia hapo. Wasomaji wakawa wanaona matangazo ya kamari katikati ya makala zangu. Niliona aibu sana.

Sasa kila makala ni faili moja ya maandishi matupu, yenye alama chache za Markdown, mtindo uliobuniwa na John Gruber mwaka 2004. Programu iitwayo Hugo inasoma mafaili yote na kutoa kurasa zilizo tayari. Seva haipiki tena, inapakua tu. Hakuna hifadhidata ya kuvunjwa, na kurasa ni nyepesi kwa msomaji anayetumia bando dogo la simu.

Sasa nije kwenye kisa chenyewe.

WordPress inakuruhusu kutoa vitu vyako vyote katika faili moja ya XML: makala, tarehe, na maoni ya wasomaji. Niliandika programu fupi ya Python ya kuikata faili hiyo vipande 412, kila makala na faili yake. Usiku wa kwanza mambo yakaenda vizuri, nikalala nikijisifu. Asubuhi nikafungua makala ya mwaka 2007 iitwayo "Jinsi ya kung'oa virusi kwenye kompyuta" nikakutana na neno hili: kungâ€™oa.

Wataalamu mnacheka tayari. Kwa wengine, nieleze. Makala za zamani nilizinakili kutoka Microsoft Word, ambayo hupenda kuipinda ile alama ya ritifaa. Alama iliyopindwa huhifadhiwa kwa baiti tatu katika UTF-8. Mimi nilikuwa natumia Windows na nilisahau kuiambia Python isome faili kama UTF-8. Ikasoma kwa mpangilio wa zamani wa Windows, ambao kila baiti ni herufi yake. Ndiyo maana alama moja ikazaa mazimwi matatu. Sisi waandishi wa Kiswahili mara nyingi tunaponea katika mambo haya, kwa kuwa hatuna herufi zenye alama juu kama Wafaransa. Lakini tuna ng'. Dawa ilikuwa mstari mmoja wa programu. Kuitafuta kulinichukua asubuhi nzima.

Tatizo la pili lilikuwa anwani. WordPress ilipotengeneza anwani ya makala ile iliitupa ritifaa, ikaandika "kungoa-virusi". Programu yangu nayo iliweka kistari mahali pa kila alama isiyoijua, ikaandika "kung-oa-virusi". Kwa macho ni tofauti ndogo. Kwa kompyuta ni nyumba mbili tofauti, na kila aliyewahi kuweka kiungo cha makala ile angekuta mlango umefungwa. Nilifanya kosa hilo mwaka 2009 nilipotoka Blogger, na viungo vya watu vikafa. Tim Berners-Lee, aliyebuni Wavuti, aliandika tangu 1998 kwamba anwani nzuri haibadiliki. Safari hii nilimtii. Nimeandika anwani ya zamani ndani ya kila faili, pamoja na ile "kungoa" isiyo sahihi.

Tatizo la tatu halikuwa la programu. Lilikuwa langu mwenyewe.

Kurasa zilizo tayari hazina mahali pa kupokea maoni, kwa hiyo niliamua kuyaacha maoni yote ya zamani. Nilijiambia mengi ni "asante kaka" na "kazi nzuri", nani atayakosa? Nikafungua maskani mpya siku ya Jumapili. Jumanne ikaja barua pepe kutoka kwa dada nisiyemjua. Alisalimu kwa adabu, kisha akauliza: "Kaka, maoni ya baba yameenda wapi?"

Baba yake alikuwa mwalimu wa Kiswahili. Hakunifundisha darasani, na hatukuwahi kuonana. Lakini kuanzia 2007 alikuwa akipita hapa karibu kila makala na kunisahihisha, akiniita "kijana wangu". Makala ile ya virusi mwanzoni niliiandika "kungoa". Mwalimu akaniandikia kwamba ng'oa ni kutoa kitu na mizizi yake, na ngoa ni tamaa au wivu, kwa hiyo nichague ninataka kuwafanyia nini hao virusi. Nilirekebisha siku ile ile. Ritifaa niliyoihangaikia asubuhi nzima iliwekwa pale na yeye.

Sikujua kwamba alifariki. Binti yake aliniambia kwamba ndugu zake nao huja kusoma masahihisho yale, kwa sababu baba yao hakuacha maandishi mengine mahali popote. Barua zake ziliharibika kwa mvua, na simu yake iliibwa.

Nilikaa kitako nikarudi kwenye ile XML. Namshukuru Mungu sikuwa nimeifuta. Maoni yote 1,860 yalikuwa mle, yana majina na tarehe. Nikaongeza mistari kama thelathini kwenye programu yangu, na sasa kila makala ina maoni yake chini, yakiwa maandishi matupu. Ya Mwalimu yalikuwa 143. Nimeyahesabu, nikayatoa pia katika faili moja nikamtumia binti yake.

Tumeona mengi yakipotea. GeoCities ilifungwa Marekani mwaka 2009, Posterous ikafungwa 2013, Typepad ikafungwa 2025. Makampuni hayo yalipofunga, waandishi walipewa muda wa kuhamisha vitu vyao. Mimi sikufungiwa na yeyote. Nilifunga mwenyewe, kwa kuwa nilidhani vilivyo humu ndani ni vyangu peke yangu.

Kwa hiyo kama unafikiria kuhama, nakuachia mambo matatu. Kwanza, toa nakala ya kila kitu na uihifadhi mahali pawili kabla ya kugusa chochote. Pili, andika orodha ya anwani zako zote za zamani na uzijaribu moja moja ukishahama. Tatu, kabla hujaacha kitu nyuma, jiulize nani alikiandika. Kama si wewe, kibebe.

Maoni mapya nitumieni kwa barua pepe, nitayaweka mwenyewe chini ya makala. Na mkiona ng' imeharibika mahali popote, msininyamazie. Karibuni tena.