Okidi Iliyohamia Dodoma

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwa treni ya umeme hutambua kuwa amefika Dodoma kabla hajasoma kibao cha stesheni: midomo hukauka, na upepo humlaki kwa vumbi. Mji huu umekaa katika uwanda wa juu, takriban mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na mvua yake ni ya msimu mmoja tu, Desemba hadi Aprili.

Huku ndiko alikohamia mama, kuishi nasi baada ya kumaliza eda ya marehemu baba yetu. Miongoni mwa mizigo yake michache, alipakata chungu cha okidi, ile ambayo maua yake hufanana na nondo aliyekunjua mbawa. Marehemu ndiye aliyemnunulia. Ilikuja ikiwa imechanua. Maua yalipopukutika, ikabaki majani matupu kwa miaka miwili. Na kila Ijumaa mama aliniuliza treni ya kurudi Dar es Salaam huondoka saa ngapi.

Nilichelea amana ile isifie mikononi mwangu, nikaimwagilia kila baada ya Sala ya Alfajiri. Haukupita muda mizizi ikaanza kuoza. Ndugu msomaji, katika misitu ya Asia, iliko asili yake, mmea huu hauoti udongoni bali hushikamana na magome ya miti. Mizizi yake hunywa mvua, kisha hukauka kwa hewa. Huruma yangu isiyo na kipimo ilikaribia kuuangamiza.

Mama alikata mizizi iliyooza kwa mkasi safi, akaupandikiza katika vipande vya magome. Tangu hapo tunaunywesha mizizi inapogeuka rangi ya fedha. Ikiwa bado kijani, tunauacha. Maji ya bomba hapa yana chumvichumvi, hivyo tunatumia ya mvua tuliyoyakinga. Yanayochuruzika hupewa mpapai, isiwe israfu. Chungu hukaa juu ya sahani ya kokoto na maji kidogo, karibu na dirisha lenye pazia jepesi.

Ukaja Juni na baridi ya usiku, ambayo mama aliilalamikia sana. Kumbe okidi hii husubiri ubaridi ndipo itoe kikonyo cha maua. Joto la pwani liliinyima. Julai kikachomoza chini ya jani. Mama alikitazama kwa muda mrefu.

Ijumaa iliyofuata hakuuliza habari za treni. Aliuliza kama simtanki bado lina maji.