Ngoro za Mama Zilivyoniumbua Mbele ya Wasomi

Mpenzi msomaji, umewahi kutafsiri maneno halafu ukagundua anayesemwa ni wewe mwenyewe? Basi mie yamenikuta. Kaa kitako nikusimulie.

Mwaka jana walikuja hapa Mbinga wanafunzi watatu wanaosomea digrii ya pili, wakapanga nyumba moja mjini. Mmoja anapima udongo, mwingine anasomea mambo ya jamii, wa tatu samaki wa Ziwa Nyasa. Majina yao siyataji, ila mtaani tuliwabatiza Kaka Udongo, Dada Maswali na Dada Usipa. Mimi mtoto wa fomu foo, niliyetoka na divisheni ambayo hata kuiandika naona aibu, wakanichukua niwatafsirie Kimatengo.

Nilidhani watu wa digrii mbili hawana shida. Wapi! Wasimamizi wao wako mbali, kazi ikitumwa leo jibu linakuja baada ya mwezi. Usiku kila mtu anajifungia chumbani na kompyuta yake. Dada Usipa ndiye alikuwa hoi kabisa. Alishinda wiki mbili Mbamba Bay akihesabu ndoo za usipa, akarudi na daftari limejaa tarakimu asizojua azifanyeje. Jioni moja nikamkuta kafunga begi, macho mekundu.

"Narudi kwetu, mdogo wangu. Usomi huu si wangu."

Kaka Udongo akasikia. Hakumpa hotuba. Akavuta stuli, akasema, "Hebu nionyeshe ulivyohesabu." Mpaka saa saba usiku wapo tu mezani. Kumbe hesabu za udongo na hesabu za usipa ni ndugu! Dada wa watu alikuwa kajumlisha ndoo za usipa mbichi na za usipa waliokwisha kauka mchangani, kana kwamba ni kitu kimoja. Asubuhi begi likafunguliwa.

Tangu hapo wakaweka sheria. Kila Ijumaa kila mmoja aeleze kazi yake kwa dakika kumi, Kiswahili cha sokoni, na mwamuzi ni mimi. Nisipoelewa, aliyeeleza ananunua mboga. Ebwana, tulikula nyama mwezi mzima!

Ijumaa moja ikawa zamu ya ngoro. Kwa usiyezijua, ni kilimo chetu Wamatengo cha milimani. Majani yanakatwa, yanapangwa chini kama vyumba vya mraba, kisha udongo unachimbwa katikati ya kila chumba na kufukia yale majani. Yanabaki mashimo yaliyozungukwa na matuta. Mvua ikipiga, maji yanatuama shimoni badala ya kuukokota udongo bondeni. Juu ya matuta unapanda maharage, baadaye mahindi.

Kaka Udongo akasema kuna shamba moja matuta yamebomoka, udongo unaondoka, na ameshaandika kwamba mkulima "amepuuza".

Dada Maswali akamkatiza: "Pale nani anakata majani?"

Kimya. Kwa mila yetu mwanaume ndiye anayekata na kuyapanga majani, mwanamke anachimba na kufukia. Kaka Udongo alipima mteremko, akapima kina cha mashimo, lakini wenye nyumba hakuwauliza kitu.

Na mimi nikanyamaza. Msomaji, lile shamba ni la mama yangu mzazi! Siku linapimwa mama alikuwa msibani, nami nikaona haya kusema kwetu ndiyo pale.

Kesho yake wakaenda wote watatu, nami nikiburuza miguu nyuma. "Shikamoo mama." "Marahaba wanangu." Dada Maswali akauliza, nikatafsiri jasho likinitoka: hapa nyumbani mwanaume wa kukata majani yupo? Mama akaniangalia, akacheka kidogo, akajibu kwa Kiswahili safi ili tafsiri isihitajike:

"Si huyo anayekuuliza? Yuko mjini, anafanya kazi na wasomi."

Hakuna aliyecheka. Tangu baba afariki, mwanaume wa pale ni mimi peke yangu.

Usiku ule Kaka Udongo akalifuta lile neno "amepuuza". Bila mwenzake wa fani nyingine, mama yangu angeingia kwenye kitabu cha chuo kama mvivu. Wazee wa Kindimba wala hawatashangaa. Kati ya mwaka 1999 na 2004 Chuo Kikuu cha Sokoine cha Morogoro na Wajapani wa JICA walikuwa na mradi huku Mbinga, watafiti wa fani mbalimbali wakishirikiana na wanakijiji, na Kindimba ikapata mashine ya kusaga inayoendeshwa kwa maji. Kidole kimoja hakivunji chawa, hata kiwe cha profesa.

Wasomi wangu wamesharudi chuoni, na nasikia Ijumaa zao zinaendelea kwa simu. Wewe unayesoma, uwe chuo au veta, usingoje mwalimu tu. Mwite jirani asiyejua fani yako, umweleze. Swali lake la kijinga ndilo litakalokuokoa.

Na mimi? Mwaka huu majani nimekata mwenyewe, mama kafukia, maharage tumepanda. Matuta yaliyobomoka hayaponi kwa msimu mmoja. Nawaandikia haya mikono ina malengelenge.

Tukutane wiki ijayo.